Kabla Hujapanda Juu



Mwaka jana tulimpokea wodini baba mmoja aliyeanguka akipaka rangi dari la ukumbi. Alikuwa amesimama juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza. Wenzake, kwa nia njema, walimwinua kwa makwapa wakamketisha garini. Alipofika kwetu, miguu yake haikuwa na hisia. Kama ni anguko lenyewe au namna alivyobebwa, hakuna awezaye kujua. Leo anatumia kiti cha magurudumu.

Basi, ukiwa na kazi ya juu, usimame juu ya nini?

1. Ngazi. Hii ni kwa kazi fupi, kama kubadili balbu. Iwe nzima, na sakafu iwe kavu na tambarare. Ngazi ya kuegemeza, kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Mwenzako aishike. Usijinyooshe pembeni, shuka, uihamishe.

2. Jukwaa la mafundi. Ni kwa kazi ya siku nzima. Mbao ziwe imara na zimefungwa, na pande zote ziwe na vizuizi.

3. Jukwaa la mashine, lile lenye vyuma vinavyokunjuka kama mkasi. Linafaa ukumbi mrefu. Mkilikodi kwa kazi ya ndani, chagueni la betri, si la dizeli, maana moshi wake una sumu. Ulizeni uzito wake: je, sakafu itauhimili? Na upana: je, litapita mlangoni? Fundi hufikia kama mita 2 juu ya pale aliposimama. Hivyo dari la mita 8 lahitaji jukwaa linalopanda mita 6. Aliendeshe aliyefundishwa, wala asipande juu ya vyuma vya kando.

Je, mtu akianguka? Msimwinue wala kumketisha. Mmoja amshike kichwa kisitikisike, mwingine akaite msaada. Mfunikeni asipate baridi. Ikiwa hakuna budi kumbeba, watu wanne au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, wamlaze juu ya ubao au mlango. Akitapika, mgeuzeni ubavu kwa namna hiyo hiyo, asipaliwe.

Dari linaweza kungoja hadi kesho. Mgongo ukivunjika, hospitali haina mwingine wa kukupa.