JASON DUNFORD NA SOMO LA MAJI

Mkenya akisikia Olimpiki hufikiria mbio tu. Lakini je, wajua kwamba Kenya imewahi kufika fainali ya kuogelea? Kaa vizuri tujifunze.

Jason Dunford alizaliwa Nairobi mwaka wa 1986. Alisifika kwa mtindo wa kipepeo. Katika mtindo huu mwogeleaji hulala kifudifudi, hurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, na miguu yake hupiga maji ikiwa pamoja kama mkia wa samaki. Akifika ukutani lazima aguse kwa mikono yote miwili, la sivyo ataondolewa. Jaribu kurusha mikono hivyo mara hamsini hapo ulipo, utaona si mchezo!

Mwaka wa 2008 kule Beijing, akiwa na miaka 21, aliogelea mita 100 kwa sekunde 51.14 katika mchujo. Ilikuwa rekodi ya Olimpiki, ingawa Milorad Čavić wa Serbia aliivunja siku iyo hiyo. Katika fainali Jason alikuwa wa tano. Michael Phelps wa Marekani alimshinda Čavić kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde! Mwaka wa 2010 Jason alipata dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, na mwaka wa 2012 akabeba bendera yetu London.

Siri yake ni nini? Kwanza, mazoezi ya miaka mingi. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Pili, alipata bwawa na makocha, kwani alisomea Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mkimbiaji wa Iten akiwa na barabara anaweza kuanza. Mwogeleaji bila maji ya kina na mtu wa kumwangalia, ataanzia wapi? Kumbe tunachokosa si damu wala nguvu, ni bwawa.

Sasa turudi kwetu. Jina Kajiado linatokana na neno la Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Kwa kuwa kwetu ni kukavu, wengi husema ati kuogelea ni kwa watu wa Mombasa. Lakini maji hayapigi hodi. Mwaka wa 2024 mafuriko yalifika hata hapa Kitengela. Tena kila mvua ikinyesha, mabwawa ya ng'ombe na machimbo ya mawe hujaa, na maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa hivyo jueni haya. Ukianguka majini, usipigane nayo: lala chali, rudisha kichwa nyuma, vuta pumzi, tulia, kisha uite. Mwenzako akizama, usimrukie kama hukufunzwa, kwani mtazama wawili. Piga mayowe, mtupie kamba, fimbo ndefu au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko.

Walimu wetu, naomba shule za kutwa zitafutiwe nafasi kwenye bwawa lenye mwalimu, hata mara moja kwa muhula. Huenda tusimpate Jason mwingine. Lakini tukipata wanafunzi arobaini wanaojua kuelea, hao ni wanafunzi arobaini ambao mama zao watalala usingizi msimu wa mvua.