Mfumo wa Mazoezi Hauuzwi: Kagua Faili Kabla ya Kusakinisha

Malalamiko yamekuwa mengi mno, ndiyo maana tumetoa kijitabu hiki. Vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa RHCSA wa kampuni ya Red Hat, wenye namba EX200, wanauziwa flashi yenye mfumo endeshi ambao kampuni yenyewe inautoa bila malipo. Baadhi ya flashi hizo huja na programu ndogo inayodaiwa kufungua leseni. Usiiguse. Leseni ya mwanafunzi haihitaji kufunguliwa na mtu yeyote, na anayekupa programu ya namna hiyo anatafuta njia ya kuingia kwenye kompyuta yako.

Tunajua wapo wanaosita wakisikia ofisi kama yetu inatangaza kitu cha bure. Maelezo ni mafupi. Red Hat hupata fedha kwa kuhudumia makampuni, na mfumo wake umejengwa juu ya Linux, ambayo ni programu huria. Tangu mwaka 2021, mtu binafsi anayefungua akaunti kwenye tovuti ambayo kampuni hiyo imewawekea watengenezaji wa programu anaruhusiwa kutumia mfumo huo kwenye hadi mashine 16 bila kulipa. Ruhusa huhuishwa kila mwaka, na hakuna fundi wa kampuni atakayekusaidia ukikwama. Masharti mengine yamo kwenye mkataba. Usome kabla ya kuukubali.

Asiyetaka kufungua akaunti ana AlmaLinux na Rocky Linux, mifumo inayofanana sana na ule wa Red Hat. CentOS Linux inayotajwa na vitabu vya zamani imekwisha muda wake: toleo la 8 mwishoni mwa 2021, la 7 tarehe 30 Juni 2024. Kuna watu bado wanaisambaza. Achana nayo.

Mazoezi hayakwepeki. EX200 hauna maswali ya kuchagua jibu. Mtahiniwa huwekwa mbele ya mashine, akaambiwa atengeneze watumiaji, agawe diski, arekebishe mtandao. Kisha mashine huwashwa upya, na kazi isiyobaki haipewi alama. Anayefaulu ni mwenye 210 kati ya 300. Hakuna anayefika hapo kwa kukariri.

Usisakinishe faili usiyoikagua

Hapa ndipo tunapowaomba msome taratibu, maana ndipo watu wengi wanaporuka.

Faili kamili ya mfumo huu huweza kufikia GB 8 au zaidi. Bando la kuipakua ni ghali, kwa hiyo mtu hunakili kwa rafiki, rafiki naye kanakili dukani, na dukani haijulikani ilikotoka. Hatukatazi kunakili. Tunakataza kusakinisha bila kulinganisha.

Kila mtengenezaji huchapisha kwenye tovuti yake alama ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, alama yote hubadilika. Kwenye Linux andika `sha256sum` na jina la faili. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha `SHA256`. Linganisha jibu na alama iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Alama uliyoandikiwa na muuzaji haina thamani, kwa kuwa aliyechezea faili hashindwi kuandika na alama yake.

Zikitofautiana, futa. Usijaribu kuona kama itafanya kazi. Faili iliyochezewa hufanya kazi vizuri kabisa, na hiyo ndiyo hatari yake.

Haya yameshatokea. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo mwingine wa Linux, na kuwaelekeza wapakuaji kwenye faili yenye mlango wa siri. Watengenezaji walitangaza jambo hilo waziwazi, wakatoa alama sahihi ili kila mtu akague nakala yake. Ikiwa tovuti ya mtengenezaji iliweza kuvamiwa, flashi ya mtaani inaaminikaje? 

Sakinisha ndani ya mashine pepe, kwa mfano kwa VirtualBox, ili kompyuta yako ya kila siku isiguswe. Kabla ya kumaliza bando, hakikisha mtihani wako unatumia toleo gani. Toleo la 10 la mfumo wa Red Hat, lililotoka Mei 2025, linakataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2013.

Kama umeshasakinisha faili isiyokaguliwa

Chomoa intaneti sasa hivi. Badilisha maneno ya siri ya barua pepe, benki na pesa za simu ukitumia kifaa kingine. Nakili kazi zako za maandishi na picha tu, programu ziache. Kisha futa diski yote na uanze upya kwa faili iliyokaguliwa. Usitosheke na kupitisha programu ya kusaka virusi. Flashi iliyoleta faili hiyo usimpe mtu mwingine.