SOMO: KALAMU, MASHINE NA AMANA YA MTUNZI



Katika darsa zetu limeulizwa suala ambalo sasa halikwepeki hapa Lamu na visiwa vyake. Mtu akiiamuru mashine ya akili bandia imtungie shairi la arusi, au taazia, au mawaidha ya kusomwa mbele za watu, kisha akalitoa kwa jina lake na kupokea malipo, je, hiyo ni chumo safi? Na yule anayeitumia kwa kusahihisha maneno yake mwenyewe tu, naye yumo katika hukumu hiyo hiyo? Sisi hatutoi fatwa, maana fatwa ina wenyewe. Tunalokusudia ni kulipambanua jambo hili, ili kila mmoja wetu ajue amesimama wapi.

MASHINE HII NI KITU GANI

Mashine za namna hii zimeenea mikononi mwa watu tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu iitwayo ChatGPT. Wenye kuziunda hukusanya maandishi ya wanadamu kwa wingi usiohesabika: vitabu, magazeti, mashairi na mazungumzo. Mashine hupitishwa humo mpaka ikashika mazoea ya lugha, neno gani hufuata neno gani. Mtu akiitaka shairi, humpangia maneno kwa mazoea hayo. Haikufiwa, haikuoa, wala haikupata kumngoja baharini jamaa aliyechelewa kurudi. Yote inayoyasema juu ya mambo hayo imeyapata kwa waliofikwa nayo.

Wala haina mizani ya kupimia ukweli. Huweza kuzua hadithi isiyo na asili, na kuitaja kwa ufasaha ule ule inaotajia iliyo sahihi. Umma huu umejengwa juu ya sanadi, yaani kujua neno limetoka kwa nani na yeye alilipokea kwa nani. Basi anayechukua khutba kutoka katika mashine bila ya kuirejesha vitabuni ameikata sanadi kwa mkono wake.

KAZI ILIYOPOTEA SIYU

Wako wasemao kwamba hiki ni chombo tu kama vyombo vingine, na wako wasemao kwamba ni haramu tupu. Kabla ya kushika upande, na tuitazame historia yetu wenyewe.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa katika karne ya 18 na ya 19 mji mashuhuri kwa kunakili misahafu. Mafundi wake waliandika kwa mkono, wakapamba kurasa kwa rangi, na kazi ya ngozi ilijulikana mjini humo. Kisha ikaja misahafu ya chapa kutoka Bombay na Misri, ambayo bei yake ilikuwa ndogo, na kazi ile ikafifia mpaka ikamalizika. Tulipoteza mengi: khati, ufundi uliorithishwa, na riziki za nyumba nzima nzima. Lakini mtoto wa maskini alipata msahafu wake wa kusomea chuoni. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotaka kuamsha watu Mombasa, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 kwa mashine hiyo hiyo ya chapa.

Basi kufifia kwa kazi ni msiba, lakini si kila msiba ni dhulma. Msahafu wa chapa haukumdanganya mtu. Haukudai kwamba umeandikwa na fundi wa Siyu, na kila aliyeununua alijua anachonunua. Swali letu la leo ni jengine: je, anayenunua shairi leo anajua anachonunua?

DESTURI YA KHATIMA

Wazee wetu walikuwa na desturi njema. Mnakili alipomaliza chuo, aliandika mwishoni jina lake na tarehe, na mara nyingi jina la aliyeandikiwa. Watunzi wengi wa tendi nao walitaja katika beti za mwisho ni nani aliyetunga na mwaka gani. Hayo hayakuwa majivuno. Yalikuwa ni ushahidi: huyu ndiye wa kuulizwa.

Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi, mchonga milango na mnakili wa tungo za wengine. Nakala zake ziko mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha London, na sehemu kubwa ya thamani yake ni kuwa yajulikana zimetoka mkononi mwa nani. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 hali yu mgonjwa, akimwusia binti yake. Lau maneno yale yale yangetoka kwa asiye na binti wala maradhi, yangekuwa mazuri, lakini yasingekuwa wosia. Na Ustadh Mahmoud Ahmad Abdulkadir, maarufu Ustadh Mau, alipotunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974, aliutoa katika mji ambao watu wake wanamjua. Aliyetaka kumshukuru alimpata, na aliyetaka kumpinga alimpata pia. Mashine haina mlango wa kubisha hodi.

RUNDO LA NAFAKA

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji. Alipomwuliza mwenye mali, alijibiwa kwamba mvua iliipata. Akamwuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wapate kuiona. Kisha akajitenga na mwenye kughushi.

Tuzingatie, ndugu zetu. Mtu yule hakukatazwa kuuza nafaka iliyorowa. Alilaumiwa kwa kuificha. Basi aliyesaidiwa na mashine na aseme. Mnunuzi akiridhika, wameridhiana. Akificha, ameuza umaji kwa bei ya nafaka kavu.

UJIRA WA WASIOONEKANA

Liko na jambo la pili, nalo ni haki za waliofanya kazi nyuma ya mashine. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupambanua maneno machafu mno, ili mashine ifunzwe kuyaepuka. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 katika daawa ya waandishi, ambao vitabu vyao ilivichukua katika maktaba za wizi za intaneti. Nasi tumefunzwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Na msidhani kwamba haki hii haipatikani. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na katika mapatano yao waliandika kwamba mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, na kwamba kampuni ikimpa mwandishi maandishi ya mashine lazima imwambie. Watu wasio wa mji wetu wala wa dini yetu wameipigania khatima, ilhali sisi tuliokuwa nayo twaiacha ipotee!

SHUBUHA NA JAWABU

Husemwa: maskini hana cha kumlipa malenga, naye ataka shairi kwa arusi ya mwanawe. Twajibu: asidhikike. Na aitumie mashine, ila asimsingizie malenga fulani, wala asijiite mtunzi.

Husemwa pia: hata malenga hutazama kamusi. Ni kweli, lakini kamusi haikuchagulii la kusema. Aliyeleta maana yake na hoja zake, kisha akasahihishiwa tahajia, kazi ni yake. Aliyeleta ombi tu, hana alilotunga.

Na khofu yetu kubwa ni kwa mwanafunzi. Vina na mizani hujifunza mtu kwa kukosea mbele ya mwalimu. Kijana anayeletewa beti zilizokwisha kupangika hatajua lipi zuri na lipi bovu. Na malenga wetu wakimalizika, hatakuwapo wa kuipima mashine yenyewe.

NASAHA ZETU

1. Kila utungo uwe na khatima: nani katunga, na mashine imesaidia wapi.
2. Mawaidha yoyote yaliyopitia kwenye mashine yarejeshwe vitabuni na kwa mwanachuoni kabla ya kusomwa.
3. Asiigwe malenga aliye hai, kwa sauti wala kwa mtindo, ila kwa idhini yake. Na aliyekufa asizuliwe maneno.
4. Mwenye uwezo na amwendee malenga, amlipe ujira wake kamili. Watu wengi humsifu mtunzi, na wachache humlipa. Kazi hii ilianza kufa kwa mikono yetu kabla ya mashine kufika.
5. Mwanafunzi asiikaribie mashine katika utunzi mpaka mwalimu wake ashuhudie kwamba aweza kutunga peke yake.

Maswali ya darsa ijayo: Je, mashine ikitumiwa kuzisoma hati zetu za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ni nani wa kuisahihisha? Na kijana aliyekwisha kuuza tungo za mashine kwa jina lake, vipi atarejesha haki ya walionunua?

Mwenyezi Mungu atupe ukweli katika kauli na uadilifu katika malipo. Wa billahi tawfiq.