Pete ya Almasi ya Maabara: Je, Ni ya Kweli?



Siku hizi masonara wanauza pete za almasi ambazo hazikuchimbwa ardhini. Zimetengenezwa maabarani, na bei yake ni ndogo kuliko ya almasi ya mgodini. Wachumba wanaziulizia, na hata waume wanaojitayarisha kwa yubile ya fedha ya ndoa yao. Basi swali limeingia nyumbani: mume akimvisha mkewe pete ya namna hii, amempa almasi au amemdanganya? Tutazame kwanza kito chenyewe, kisha turudi kwetu.

1. Almasi ni nini?

Almasi ni kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa na katika risasi ya penseli. Tofauti iko katika mpango wa chembe zake. Ndani ya penseli chembe zimepangwa tabaka tabaka zinazoteleza, ndiyo maana penseli huandika. Ndani ya almasi kila chembe imeshikamana na nyingine nne pande zote, ndiyo maana kito hiki ni kigumu mno.

Almasi za ardhini zilijiunda kilomita 150 au zaidi chini ya miguu yetu, nyingi zikiwa na umri wa miaka zaidi ya bilioni moja, zikapandishwa juu na milipuko ya volkeno. Jirani zetu Watanzania wanazo huko Mwadui, Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana huko mwaka 1947 ilitolewa kuwa zawadi ya arusi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza.

2. Zinatengenezwaje?

Wataalamu wa kampuni moja ya Sweden walifaulu mwaka 1953, lakini hawakutangaza. Desemba 1954 Tracy Hall, mtaalamu wa kampuni ya General Electric huko Marekani, alifaulu pia, na habari ikatangazwa mwaka 1955. Zilikuwa punje ndogo za kukatia na kusagia viwandani. Mawe ya kufaa kwa mapambo yalifuata mwaka 1970. Leo njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya joto na mgandamizo. Kipande kidogo cha almasi, kiitwacho mbegu, huwekwa ndani ya mtambo pamoja na kaboni na madini kama chuma, nikeli au kobalti. Joto hufika nyuzi 1,300 hadi 1,600 za Selsiasi, na mgandamizo hupita mara 50,000 ya ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Madini huyeyuka, kaboni huyeyukia humo, halafu hujishika kwenye mbegu kidogo kidogo mpaka jiwe likue.

Njia ya pili ni ya gesi. Mbegu bapa huwekwa ndani ya chumba kidogo kilichoondolewa hewa, kisha huingizwa gesi ya methani na haidrojeni nyingi. Mawimbi ya maikrowevu huzichoma gesi hizo mpaka zivunjike, na kaboni ya methani hutua juu ya mbegu. Kaboni hiyo ingeweza kuwa masizi tu, kama yale ya chini ya sufuria. Kazi ya haidrojeni ni kuondoa ile isiyojipanga kama almasi. Tabaka huongezeka juu ya tabaka, na baada ya majuma machache jiwe huwa tayari kukatwa na kung'arishwa.

3. Ya kweli au bandia?

Ni almasi ya kweli. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani iliacha kusema kwamba almasi lazima iwe ya asili, lakini bado inamdai muuzaji aseme waziwazi kwamba jiwe limetoka maabarani. Msiichanganye na zirkonia, ambayo inafanana nayo kwa macho lakini si almasi kabisa.

Macho hayawezi kutofautisha almasi ya maabara na ya mgodi. Hata kile kifaa kidogo cha sonara kinachopima upitaji wa joto hakiwezi. Huhitajika mashine maalumu. Kwa hiyo dai cheti. Mawe mengi yenye cheti yamechorwa namba kwa leza ukingoni, nayo husomeka kwa lenzi.

Usinunue pete hii ukidhani umeweka akiba ya karo. Mwaka 2018 kampuni ya De Beers ilianza kuuza almasi za maabara kwa dola 800 kwa karati moja, yaani gramu 0.2. Bei sokoni zikazidi kushuka, na mwaka 2025 ikatangaza kufunga biashara hiyo. Hata almasi ya mgodini, ukiirudisha dukani, kwa kawaida haikupi fedha uliyotoa.

4. Sasa turudi kwetu

Kanisa linafundisha kwamba ndoa hufungwa kwa ridhaa ya mume na mke. Pete hubarikiwa iwe ishara ya upendo na uaminifu, na hailazimu kuwa na kito chochote. Basi jiwe la maabara halipunguzi ndoa yenu, wala la mgodini haliiongezi.

Lakini tuseme mume amenunua pete ya maabara, mke akadhani ni ya mgodini, na mume akanyamaza. Mke anamsifu mbele ya wenzake wa jumuiya. Siku moja anaipeleka kwa sonara ipanuliwe, naye sonara anasoma maandishi ya ukingoni. Mama huyu atarudi nyumbani akijiuliza ni mangapi mengine hajaambiwa. Njia ya mwongo ni fupi.

Na wewe mama, usimsukume mumeo akope kwenye chama chenu cha akiba ili majirani waone kidole chako. Deni la siri huumiza nyumba kama pete ya siri.

Basi fanyeni hivi:
- Patanani kiasi cha fedha kabla ya kwenda dukani.
- Dai cheti na risiti, na viwekwe mahali mnapopajua nyote wawili.
- Siku ya kuivisha, taja asili yake kwa maneno mepesi.
- Kama ulinyamaza, sema leo, kabla sonara hajasema.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani
1. Pete zetu zilinunuliwaje, na je, kila mmoja wetu anajua habari yake yote?
2. Ni ununuzi gani ambao mwenzangu bado hajaambiwa?
3. Tukifika yubile, tungependa kupeana nini tusichohitaji kukikopea?