SOMO: Maswali na Majibu Katika Tovuti ya Parokia, na Lebo Zinazoyatambulisha



Parokia zetu nyingi, pamoja na zahanati na vituo vya ufundi, sasa zina tovuti, au angalau ukurasa mmoja ndani ya tovuti ya jimbo. Kazi ya kuitengeneza ikishakwisha, swali linalofuata kikaoni huwa lile lile: mbona mtu akitutafuta kwa Google hatuoni? Hapo ndipo fundi wa tovuti huleta pendekezo la kulipia kitu kinachoitwa data zenye muundo, kwa ajili ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na kuahidi kwamba kituo kitaonekana juu ya wengine wote. Fedha inayoombwa yaweza kununua mifuko kadhaa ya saruji. Somo hili linakusudia kuwasaidia wanakamati wajue wanauziwa nini, sehemu ipi ina faida ya kweli, na sehemu ipi wanaweza kuifanya wenyewe bila kutoa hata senti.

LEBO NI NINI?

Mtambo wa kutafuta, kama vile Google au Bing, hupita katika kurasa za tovuti na kuzisoma, lakini hausomi kama sisi. Mtu akiona mstari wa maandishi yaliyokozwa na chini yake aya fupi, mara moja hutambua kwamba lile ni swali na hili ni jibu. Mtambo hukisia. Data zenye muundo ni maneno yanayowekwa ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji wa kawaida hayaoni, ili kuuambia mtambo: hapa pana swali, na jibu lake ni hili. Kwa ufupi tutaziita lebo. Ni kama maandishi ya nje ya gunia lililoko ghalani: mahindi, kilo 100. Mchukuzi hahitaji kulifungua ili ajue alipeleke wapi. Lakini kama ndani mna pumba, maandishi hayo hayatazigeuza kuwa mahindi.

Mwaka 2011 Google, Bing na Yahoo! walikubaliana kutumia msamiati mmoja wa lebo, wakauweka wazi kwa watu wote katika schema.org. Yandex ya Urusi ilijiunga mwaka huo huo. Zipo lebo za mikutano, za vitabu, za mashirika, hata za mapishi. Lebo ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara huitwa FAQPage, na ikiandikwa kwa mtindo ambao Google huupendelea, uitwao JSON-LD, huwa hivi:

<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "FAQPage",
  "mainEntity": [{
    "@type": "Question",
    "name": "Je, kituo hupokea vijana wa dini nyingine?",
    "acceptedAnswer": {
      "@type": "Answer",
      "text": "Ndiyo. Kituo hupokea vijana wa dini zote."
    }
  }]
}
</script>

Ni hayo tu. Kijana yeyote wa parokia aliyesoma kompyuta kidogo anaweza kuyanakili na kubadili swali na jibu. Maswali yakiwa mengi, sehemu inayoanzia kwenye neno Question hurudiwa, na kila moja hutenganishwa na inayofuata kwa mkato. Aangalie mambo mawili. Kwanza, asiyaandike katika programu ya kuandikia barua, kwa sababu programu hiyo huzipinda alama za kunukuu, na mtambo hautambui zilizopindwa. Pili, mkato mmoja ukikosekana, lebo nzima haisomeki, ingawa ukurasa wenyewe utaonekana sawasawa machoni pa watu. Schema.org ina ukurasa wa kupimia usio na malipo, validator.schema.org, unaoonyesha kosa liko mstari gani.

KILICHOBADILIKA MWAKA 2023

Sasa tuje kwenye ahadi ya fundi. Mwezi Mei 2019 Google ilianza kuzitumia lebo hizi kwa namna iliyowavutia wengi. Ukurasa wenye lebo ulipotokea katika matokeo, chini ya kiungo chake palionekana maswali, na mtu alipogusa swali, jibu lilifunguka pale pale. Kiungo kimoja kikachukua nafasi ya viwili au vitatu. Si ajabu kwamba wafanyabiashara walikimbilia huko, na kurasa za kuuzia bidhaa zikajazwa maswali ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyauliza.

Mwezi Agosti 2023 Google ilitangaza kwamba mwonekano huo ungebaki kwa tovuti za serikali na za afya zinazojulikana na zenye mamlaka tu. Tovuti ya parokia, ya chuo cha useremala au ya kikundi cha wafuga nyuki haimo katika kundi hilo. Hata zahanati ndogo isijihesabu. Kwa hiyo mtu anayekuja leo kuwaahidi mwonekano ule anawauzia bidhaa iliyokwisha ondolewa sokoni. Yawezekana hajui, alijifunza kazi kabla ya mwaka huo na hakurudi kusoma. Vyovyote iwavyo, kamati isitie sahihi.

Wengine wamebadili maneno. Husema kwamba lebo ndizo zitakazofanya majibu ya kituo chenu yachukuliwe na akili mnemba, yaani yale majibu yanayotungwa na kompyuta na kuwekwa juu ya matokeo. Google imeeleza katika mwongozo wake kwamba hakuna lebo maalumu inayohitajika ili ukurasa utumike katika majibu hayo. Aidha, lebo peke yake haiupandishi ukurasa juu ya mwingine.

Je, basi tuziache kabisa? Hapana. Google yenyewe ilipotangaza mabadiliko yale ilisema hakuna haja ya kuziondoa lebo zilizokwisha wekwa, maana hazidhuru. Ni bure, huchukua nusu saa, na msamiati wake uko wazi kwa mtambo wowote unaotaka kuusoma. Ziwekeni. Ila msizilipie bei ya ahadi.

FAIDA IMO KATIKA MASWALI

Mzazi anayemtafutia kijana wake mahali pa kujifunza ufundi haandiki jina la kituo chenu, kwa sababu hajalijua. Huandika maneno kama "chuo cha useremala ada nafuu" na jina la wilaya yake. Sasa fungueni ukurasa wenu. Kama unasema tu kwamba kituo kilianzishwa kwa maono ya kuwawezesha vijana kimaadili na kiuchumi, hakuna neno hata moja la mzazi huyo linalokutana na la kwenu. Lakini kama pameandikwa "Ada ya useremala kwa mwaka ni kiasi gani, na hulipwa kwa awamu ngapi?", na chini yake pana tarakimu, mzazi na ukurasa wamekutana. Hapo ndipo kituo kinapoonekana, lebo iwepo isiwepo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya maswali ya kweli. Msiyatunge kikaoni. Kikao hutunga maswali ambayo kamati ingependa kuulizwa, kama vile "Mafanikio yenu makubwa ni yapi?" Wekeni daftari mezani kwa katibu, jingine kwa mlinzi wa getini, na la tatu kwa mama wa mapokezi zahanati, kwa muda wa mwezi mmoja. Kila swali liandikwe kwa maneno ya aliyeuliza. Akiuliza "Sare mnatoa ninyi au tunashona wenyewe?", liandikwe hivyo hivyo, lisigeuzwe kuwa "Utaratibu wa mavazi ya wanafunzi". Mlinzi wa getini mara nyingi atakuwa na orodha ndefu kuliko ya katibu, na msishangae.

Google pia hutoa bure chombo kiitwacho Search Console. Mkisha thibitisha kwamba tovuti ni yenu, kitawaonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wenu ukatokea, na ni wangapi waliubofya. Kina upungufu mmoja kwa vituo vidogo: maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana hufichwa ili kulinda faragha yao. Parokia ya kijijini itaona sehemu tu ya maswali, na ndiyo maana daftari la mlinzi bado lina thamani.

MASWALI YA WAHISANI

Wahisani nao wana maswali yao, na haya ndiyo tunayoyakwepa. Fedha yangu inapita mikono mingapi kabla ya kufika? Kiasi gani hubaki ofisini? Pampu ikiharibika baada ya mradi kufungwa, nani hulipa? Majibu ya kawaida ni "Tunazingatia uwazi na uwajibikaji." Hilo si jibu. Mhisani aliyeuliza shilingi anataka kujibiwa kwa shilingi: tulipokea kiasi hiki katika mwaka wa fedha uliopita, kiasi hiki kilikwenda kwenye mabomba na mafundi, hiki kwenye mafuta ya gari na posho, na ripoti ya mkaguzi inasomeka hapa. Kama kisima kimesimama kwa kukosa kipuri, andikeni kwamba kimesimama, tangu mwezi gani, na nani anatafuta kipuri. Kwa maoni yangu swali la namna hii liwekwe juu kabisa ya ukurasa. Mhisani aliyekwisha pewa habari mbaya na ninyi wenyewe huwa na sababu ya kuamini ile njema inayofuata.

Swali jingine ambalo siku hizi halikosekani ni hili: "Nitajuaje kwamba namba hii ya simu ya kupokelea michango ni ya kwenu kweli?" Matapeli hutumia majina ya parokia na picha za watoto kuomba fedha. Ukurasa ulioandikwa wazi namba ni ipi, jina litakalotokea kwenye simu ni lipi, na stakabadhi hutolewa na nani, humpa mhisani mahali pa kuhakiki. Picha na majina ya watoto wenyewe yasiwekwe humo.

NAKALA MBILI ZA JIBU MOJA

Hapa pana hatari ambayo mafundi wengi hawaitaji. Lebo ya mtindo tuliouonyesha ni nakala ya pili ya jibu. Nakala ya kwanza ni ile inayosomwa na watu. Sasa tuseme mweka hazina amestaafu, na namba ya michango imebadilika. Katibu anafungua ukurasa, anafuta namba ya zamani, anaandika mpya, anafunga kompyuta kwa amani. Ndani ya msimbo namba ya zamani bado ipo, na mtambo wowote unaosoma lebo utaendelea kuichukua hiyo. Anayetazama ukurasa hawezi kuliona kosa hilo. Ada iliyopanda, siku ya kliniki iliyohamishwa, masharti ya kujiunga yaliyobadilishwa, yote huangukia katika mtego huo huo.

Kanuni ya Google ni kwamba kilicho ndani ya lebo lazima kionekane pia kwa msomaji katika ukurasa. Jibu linaloweza kukunjwa na kufunguliwa kwa kubofya linakubalika. Lililofichwa kabisa halikubaliki. Anayevunja kanuni anaweza kunyimwa mwonekano wa pekee.

Njia iliyo salama ni kutokuwa na nakala mbili za kutunza kwa mkono. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress zinaweza kuongezewa programu ndogo, kama Yoast SEO, yenye kisanduku cha maswali na majibu: mkiandika humo, lebo hujitengeneza kutokana na maneno hayo hayo, na mkiyabadili nayo hubadilika. Upo pia mtindo wa maikrodata, ambao lebo hupachikwa juu ya maandishi yenyewe badala ya kuwekwa pembeni. Kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni tu: tukibadili ada, tunabadili mahali pamoja au pawili? Akijibu "pawili", mwambieni atafute njia nyingine.

Mambo machache yaliyobaki. Swali moja likirudiwa katika kurasa nyingi, liwekewe lebo katika ukurasa mmoja tu. Lebo hii ni ya majibu yanayotolewa na mwenye tovuti; pale wasomaji wenyewe wanapojibizana, lebo yake ni nyingine, QAPage. Na lugha zisichanganywe. Google hutambua lugha ya ukurasa kwa kuangalia maandishi yanayoonekana, kwa hiyo swali la Kiswahili lenye jibu la Kijerumani chini yake huuchanganya mtambo na kuwachosha wasomaji wa pande zote mbili. Wekeni ukurasa wa Kiswahili kwa waumini na majirani, na mwingine kwa lugha ya wahisani. Maswali ya kurasa hizo hayatafanana, wala hayana sababu ya kufanana.

KWA KIKAO KIJACHO

Kamati ijadili: daftari la maswali litakaa kwa nani, na litafungwa tarehe ngapi? Ni swali gani la wahisani ambalo limeulizwa zaidi ya mara moja mwaka huu na bado halijajibiwa kwa maandishi? Mweka hazina, namba ya michango au ada ikibadilika, ni nani atakayeifungua tovuti siku hiyo hiyo, na nani atamkumbusha akisafiri?