Mvinyo Mtamu wa Kifaransa na Korosho za Mtwara

Chupa ya mvinyo mtamu wa Kifaransa ina njia zake za kufika Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa na kampuni ya Kifaransa, Maurel & Prom, na wageni hawaji mikono mitupu. Ukiipata, usiifungue siku ya keki. Sukari juu ya sukari huuzima mvinyo: baada ya keki, kinywaji hugeuka chachu mdomoni. Utafutie chumvi, uchungu au mafuta.

Soma lebo kwanza. Ikiandikwa Vin Doux Naturel, ujue juisi ya zabibu iliachwa ianze kuchacha, kisha ikatiwa spiriti safi ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 95 au zaidi, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya ujazo. Hamira hufa kabla haijaimaliza sukari. Mbinu hiyo inahusishwa na tabibu Arnau de Vilanova wa Montpellier, mwaka 1285. Ulevi wake hufika asilimia 15 na kuendelea, kwa hiyo mimina kidogo, mililita 60 hivi. Hii si bia.

Katika aina hiyo, Muscat, iwe ya Rivesaltes au ya Beaumes-de-Venise, kwa kawaida ni nyeupe na inanukia maua. Iache kwenye friji mpaka iwe baridi kiasi cha chupa kutoka jasho ikitolewa. Banyuls na Maury mara nyingi ni nyekundu, zenye ladha ya zabibu kavu na kakao. Hizo nazo, kwa joto la huku kwetu, ziingize kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa.

Kwa chupa nyekundu, anza na korosho. Chukua zilizobanguliwa, nzima, uzikaange bila mafuta kwenye kikaango kizito, moto mdogo, ukizigeuza bila kuondoka jikoni. Mwanzoni hakuna kinachoonekana, kisha ghafla zinabadilika rangi. Ziepue zikiwa bado na weupe hapa na pale, maana huendelea kuiva nje ya moto. Zikiwa za moto, zinyunyizie maji ya chumvi, uzirudishe kidogo zikauke. Ule uchungu mdogo wa ngozi iliyobabuka ndio unaotakiwa. Kashata za ufuta nazo zinaruhusiwa, ingawa zina sukari, kwa sababu ufuta uliokaangwa una uchungu wake.

Muscat ipeleke kwenye ming'oko, mizizi ya porini. Ichemshe kama kawaida, utie chumvi na ndimu, lakini pilipili iwe ya kunusia tu, kwani pombe huuchochea ukali wake. Kamba wa kuchoma kutoka upande wa Msimbati na mdomo wa Ruvuma nao wanafaa, kwa ndimu hiyo hiyo. Pweza wa nazi mimi namwacha kando: tui zito na mvinyo mtamu hukinaisha kabla sahani haijafika nusu.

Msimu wa mabibo, kuna atakayeshawishika kuiga Wafaransa kwa kutia gongo kwenye uraka, pombe ya mabibo. Asithubutu. Gongo haijapimwa na mtu, na methanoli ikiwamo inapofusha na kuua. Anayetaka mvinyo wa mabibo aende Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, ambako usindikaji wa mabibo unafundishwa.

Nyumba nyingi za pwani hazinywi pombe, na kanuni ya chumvi na uchungu haibadiliki kwao: juisi ya mabibo iliyochujwa ukakasi, ikiwa baridi sana, inakaa vizuri na korosho hizo hizo.

Chupa ikishafunguliwa, izibe uirudishe kwenye friji. Muscat imalize ndani ya wiki moja hivi kabla harufu haijatoka. Banyuls iliyozeeshwa kwenye mapipa huvumilia zaidi. Iliyopoteza harufu usiimwage: ichemshe kwenye sufuria ndogo mpaka iwe nzito kama asali, umwagie vipande vya embe bichi.