Dawati moja, programu nne: tunavyopashana taarifa za bidhaa karakanani Makuyuni

Karakana yetu iko Makuyuni, wilayani Korogwe. Tunatengeneza madawati ya shule, mageti, na vipuri vya mashine za mashamba ya mkonge. Mchoraji yuko Dar es Salaam na anachora kwa FreeCAD. Stoo na maagizo ya kazi tunaendesha kwa ERPNext. Mhasibu anakaa Korogwe mjini na ana programu yake ya hesabu, ameizoea na hataki kusikia habari ya kuiacha. Sahani za chuma zenye maumbo magumu tunazituma Tanga zikatwe kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Kwa hiyo dawati moja linapita kwenye programu nne zisizojuana, na mtoto wa shule atakaa juu ya matokeo yake.

Wenye karakana wenzangu wakinijia, swali lao la kwanza huwa ni wanunue programu gani ya kuziunganisha zote. Mimi nawaomba waanze na karatasi. Andika kila taarifa inayohusu bidhaa, kisha mbele yake andika mwenyewe ni nani. Vipimo na umbo ni mali ya mchoraji. Idadi ya vyuma vilivyopo na urefu wake ni mali ya stoo. Bei na kodi ni mali ya mhasibu. Mwenye taarifa ndiye pekee anayeibadilisha, wengine wote wanaisoma tu. Fundi akiona mguu wa dawati ni mrefu mno, asirekebishe kwenye orodha ya stoo. Amwambie mchoraji, mchoro ubadilike, orodha mpya itoke huko. Utaratibu huu hauna gharama, na usipokuwepo, hata programu ya mamilioni itasambaza makosa kwa kasi zaidi.

Cha pili ni namba ya kipuri. Majina hayafai kuunganishia mifumo, maana mmoja ataandika “mguu”, mwingine “miguu ya mbele”, mwingine “chuma cha chini”, na kompyuta itaviona ni vitu vitatu. Sisi kila kipande kina namba yake, kwa mfano DW-0041, na namba hiyo ndiyo inayosafiri kutoka mchoro hadi stoo hadi kwa mhasibu. Anza na herufi. Namba tupu kama 00412 ikifunguliwa kwenye Excel inapoteza sufuri za mbele na kubaki 412. Lakini chagua herufi kwa uangalifu: namba kama MAR-12 au DEC-01 inageuzwa kuwa tarehe. Usiingize kipimo ndani ya namba pia, kwa sababu kipimo kitabadilika na namba itabaki ikisema uongo.

Kuhusu mafaili sitachukua muda mrefu. Mchoraji mwenzako mwenye programu nyingine mpe STEP, ambayo ni kiwango cha kimataifa, ISO 10303, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1994 ili umbo lihame bila kutegemea kampuni moja ya programu. Mashine ya kukata mpe DXF. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea mpe PDF yenye vipimo vilivyoandikwa. Stoo mpe jedwali la CSV. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka, kamwe usipige picha ya skrini.

Nakutahadharisha zaidi juu ya DXF. Programu nyingi hazijali kipimo kilichotajwa ndani yake, kwa hiyo milimita inaweza kusomwa kuwa inchi na kipande kikatoka kikubwa mara 25.4. Kwetu kila mchoro una mraba wa milimita 100 kwa 100 pembeni. Kabla ya kukata, mwenye mashine anapima mraba ule kwenye skrini yake na kunipigia simu kuniambia amesoma ngapi. Mbao za viti nazo tunazinunua kwa inchi huku vyuma viko kwa milimita, basi safu ya kipimo kwenye jedwali haiachwi tupu hata siku moja.

Sasa nije kwenye jambo linalostahili muda wako zaidi ya yote: orodha ya vifaa ya mchoraji si orodha ya manunuzi. Tuseme kila dawati linahitaji kipande kimoja cha skwea paipu cha milimita 1,200, na agizo ni madawati 100. FreeCAD inaona vipande 100, sawa na mita 120. Ukigawanya kwa bomba la mita 6 unapata mabomba 20. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi tu. Diski ya kukatia inakula kama milimita 3 kila inapopita. Vipande vitano vina mikato minne, yaani milimita 12 zinapotea, na kipande cha mwisho kinabaki na 1,188. Hakifai. Kila bomba linatoa vipande vinne, na mahitaji ya kweli ni mabomba 25. Na hapo bado hujapima bomba lenyewe, kwa kuwa mengine yanafika dukani yakiwa na mita 5.8.

Ndiyo maana kati ya mchoro na stoo tumeweka jedwali la katikati. Upande mmoja kuna namba ya kipande, urefu na idadi kutoka kwa mchoraji. Upande wa pili, aina ya bomba, urefu uliopimwa stoo lilipopokelewa, na vipande vinavyopatikana baada ya kuondoa ulaji wa diski. ERPNext inaruhusu ununue kwa bomba na utumie kwa mita, ila kiwango cha kubadilisha lazima ukiweke wewe mwenyewe, na ukiweke kwa kupima.

Jedwali hilo limenifundisha pia kwamba taarifa inapaswa kurudi ilikotoka. Mchoraji akiona bomba la mita 6 linatoa vipande vinne na mabaki makubwa, anaweza kuuliza kama 1,190 inatosha. Vipande vitano vya 1,190 pamoja na mikato ni 5,962, vinaingia. Milimita 10 za mchoraji zimeokoa mabomba matano, na hakuna programu ambayo ingemwambia hivyo endapo stoo isingemrudishia kilichotokea mezani.

Mwisho ni matoleo. Tunaandika DW-0041-A, ikibadilika inakuwa B, na herufi hiyo imo kwenye jina la faili, kwenye mchoro wenyewe na kwenye orodha ya stoo. Toleo la zamani halifutwi, maana shule italeta dawati la A likihitaji kipuri. Usidhani ni jambo la karakana ndogo. Mwaka 2006 Airbus ilichelewesha A380, ndege yenye waya za kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Hamburg walikuwa kwenye toleo la nne la programu ya CATIA, wenzao wa Toulouse kwenye la tano. Mabadiliko hayakuhama sawasawa, na waya zilipofika kufungwa hazikutoshea.

Kwa hiyo kabla ya agizo lolote kubwa, pitisha dawati moja kwenye njia nzima. Mchoraji atume, stoo ipokee, Tanga wakate, fundi aunge, mhasibu atoe ankara. Kila mmoja aandike namba, toleo na kipimo alichokisoma yeye, kisha laza karatasi hizo pamoja mezani. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, agizo linasubiri.